Gozbert Kaijage na Wakia za Banda la Tatu

Leo Jumatatu, tarehe 30 Septemba 1957, saa kumi kamili za jioni, Bwana Gozbert Kaijage, Mpima Mkuu wa Shamba la Sungura la Yombo, ataifunika mizani yake kwa kile kitambaa cha bluu, na kesho hatakuja kuifunua. Ametumika miaka ishirini na minane kamili. Haikuzidi hata siku moja, na kama ilizidi, basi mwenyewe amekwisha kuipima na kuirudisha.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu mie, Marselino Chitanda, karani wa shamba, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa. Wapo wanaosema nimepewa kwa sababu taipu ni yangu. Waseme tu. Nawaomba wageni wetu wanivumilie nikizunguka kidogo, maana mwishoni nina neno langu na Bwana Gozbert, na neno lenyewe limenikaa kooni miaka sita.

Bwana Gozbert ni mwenyeji wa Kamachumu, Bukoba. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1929, kwa meli mpaka Mwanza kisha kwa gari la moshi, akiwa na sanduku la bati, cheti cha shule ya misheni na mkungu wa ndizi aliopewa na mama yake, aliyemwambia kwamba pwani hakuna chakula. Alitaka ukarani. Nafasi za ukarani zikawa zimejaa, akaulizwa kama anawajua sungura. Akajibu kwa heshima zote kwamba anawajua vizuri sana, ni wajanja, wamemdanganya fisi, wamemdanganya simba, na tembo hakusalimika. Akaandikwa kazi siku hiyo hiyo.

Basi mwezi wa kwanza alikuwa akifunga kila mlango wa banda mafundo matatu ya kamba, na bado anageuka nyuma mara mbili kabla ya kwenda nyumbani. Siku moja akasahau mlango mmoja, asubuhi akaja mbio akijua kazi imeota mbawa. Akawakuta sungura wote kumi na wawili wamekaa ndani wamemkodolea macho, wanangoja kulishwa. Tangu siku hiyo aliacha kuziamini hadithi za bibi yake, akaanza kuamini mizani peke yake.

Mizani ile ya shaba ililetwa mwaka 1931, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa kwa ruhusa. Amri ya shamba ni kupima sungura mara moja kwa wiki. Bwana Gozbert aliwapima kila siku ya Mungu, saa mbili asubuhi, na akiwamaliza sungura alipima chochote kilichokuwa karibu. Aliwapima watoto wake wote watano siku walipozaliwa, na ninavyo vipimo hivyo katika faili, kwa ratili na wakia, zile wakia kumi na sita za ratili moja, kati ya sungura wa Machi na sungura wa Aprili. Alipima maandazi ya Mwanaheri, mkata majani wetu, ambaye ni Mzaramo wa hapa hapa Temeke na hana ulimi wa kukopa. Alipomwambia kwamba maandazi ya leo, waitu, yamepungua nusu wakia, Mwanaheri alimjibu kwamba na yeye apime maneno yake kabla hayajamrudia. Wakanuniana siku mbili, siku ya tatu maandazi yakarudi uzito wake.

Hilo neno “waitu” ni la heshima huko kwao, na kwa Bwana Gozbert hakuna sentensi isiyo nalo. Alilitumia kwa mkuu wa shamba, kwa padri na kwa sungura. Akiwa na sungura mkaidi mizanini utamsikia anambembeleza kwa Kihaya kama anaongea na shangazi. Nilipomwuliza kwa nini asiseme nao Kiswahili, akaniambia Kiswahili ni cha kazini, na yeye hataki sungura wajue kwamba wako kazini.

Mwaka 1950 tukaletewa mkuu mpya wa shamba, Bwana Petifa, Mwingereza mrefu, mpole, anayeamini kila alichokisoma. Mwezi huo huo Bwana Gozbert akamfungulia macho. Alimweleza kuwa sungura, alfajiri, huinama na kula vinyesi vyao wenyewe, vile laini, moja kwa moja vinapotoka, halafu hutafuna kwa utulivu mkubwa. Habari hiyo niliitafsiri mie kwa Kiingereza, mbele ya mkewe Bwana Petifa aliyekuwa anakunywa chai. Nilitoka jasho. Nikasema kwamba mnyama huyu ana mazoea ya kukirudia kifungua kinywa chake. Bwana Petifa akataka maelezo zaidi, nikayatoa, na Memsabu akaweka kikombe chini. Kumbe mambo hayo yamo vitabuni, na mkuu wetu alifurahi mno kupata mtu aliyeyaona kwa macho yake bila kufundishwa.

Ndipo likaja lile Jaribio Kubwa la mwaka 1951. Swali lilikuwa jepesi. Je, kitoto cha sungura kikishaachishwa kunyonya, kinahitaji protini kiasi gani, yaani kile chakula cha kujenga mwili, ili kikue vizuri bila kumfilisi mfugaji? Siku hizo watu wa Temeke, Kinondoni na hata Manzese walikuwa wamekwisha anza kufuga sungura nyuma ya nyumba, na kila mtu alilisha kwa akili yake. Serikali ikaahidi kuchapa vikaratasi elfu tatu vya mafunzo kwa Kiswahili, na yatakayoandikwa humo yatoke Yombo. Bwana Gozbert naye akaahidiwa kwamba jaribio likienda sawa atapandishwa kuwa Mpima Mkuu na kupewa nyumba ya paa la bati pale mbele ya lango. Mkewe, Ma Auleria, kwa miaka mingi alikuwa akilala na sufuria tatu kitandani za kukingia mvua ya makuti. Hesabu ya furaha yake nawaachia wenyewe.

Tukapanga mabanda matatu, ubavu kwa ubavu. Banda la Kwanza walipewa mashudu ya nazi na unga wa dagaa kwa wingi. Banda la Pili walipewa vitu hivyo hivyo, lakini kwa kiasi. Banda la Tatu wakaambulia pumba na nyasi kavu. Kati ya banda na banda palikuwa na wavu tu.

Na hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo nadhani lisingetokea nchi nyingine. Hapa kwetu mtu hali mbele ya mwenzake bila kumwambia karibu. Hata ukiwa na kipande kimoja cha muhogo, mpita njia utamkaribisha, naye atashukuru na kwenda zake, lakini umemkaribisha. Sasa sie tukawaweka wale wa Banda la Kwanza wakila dagaa mchana kweupe, na wa Banda la Tatu wamesimama kwa miguu miwili wameshika wavu, pua zinacheza. Loo! Roho gani itavumilia jambo hilo? Mwanaheri alisema waziwazi kwamba hata msibani hawali hivyo.

Wiki kumi na nne baadaye, kabla ya ripoti kwenda kuchapwa, matokeo yakamstaajabisha Bwana Petifa. Banda la Tatu, walaji wa pumba, wamekua karibu sawa na Banda la Pili! Mkuu wetu akatembea huku na huku mikono nyuma. Kisha akakumbuka habari ya vinyesi, akapiga paja. Akatangaza kuwa amepata jibu: sungura hawa wanakula mara mbili, kwa hiyo hawahitaji protini ya mfukoni mwa mtu, nyasi na pumba zinatosha. Akaanza kuandika makala ya kupeleka Uingereza. Na vile vikaratasi elfu tatu vikawa vimeagizwa, vya kuwaambia watu wasipoteze mashudu yao.

Bwana Gozbert hakulala usingizi siku hizo, na Ma Auleria ni shahidi. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani mkuu mwenyewe alikwisha jipa jibu na nyumba ilikuwa imekwisha pakwa chokaa. Lakini kila aliyefuga sungura kuanzia Temeke mpaka Kinondoni angesoma karatasi ile, angewalisha vitoto pumba, na vitoto vingedumaa na kufa. Asubuhi ya Jumamosi akavaa koti lake la kanisani, akaenda kwa Bwana Petifa, nami nikaitwa kutafsiri. Akakiri. Alisema kwamba yeye, waitu, amekuwa akiwapa Banda la Tatu majani ya kunde kwa siri, wakia moja na nusu kwa kila sungura, kila Jumatatu na Ijumaa, tangu wiki ya pili, isipokuwa Ijumaa ya wiki ya sita alipokuwa na homa. Alikuwa amepima hata wizi wake.

Bwana Petifa hakujua akasirike vipi. Akachana makala yake, akasimamisha vikaratasi, akaamuru jaribio lianze upya, na Bwana Gozbert apewe barua ya onyo. Kuhusu cheo, akasema tungoje tuone. Barua ile niliipiga taipu mie.

Jaribio la pili likaanza Julai. Bwana Gozbert hakutoa hata jani. Aliwapita Banda la Tatu akiangalia juu, kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Lakini wiki ya tatu akaingia tena ofisini kwa mkuu, safari hii hana koti, akasema mkono wake umemponyoka tena na kwamba hajiamini. Akaomba mabanda yafungwe kufuli, na ufunguo ukae kwa Bwana Petifa mwenyewe, ambaye atasimama pale kila chakula kinapowekwa. Bwana Petifa akasikitika sana. Ufunguo akauchukua, jaribio akaamuru lianze upya mara ya tatu, na cheo akakifuta. Nyumba ya bati akapewa Revelian wa kitengo cha kuku, ambaye yumo humu ukumbini, na ninaomba asinuniwe, kwani alipewa tu na hakuiomba.

Ma Auleria aliposikia, hakupiga kelele. Alimwekea mumewe ugali mkavu, bila ndizi, bila maharage, bila hata chembe ya chumvi. Akamwambia kwamba kwa kuwa anawapenda sana wale wa Banda la Tatu, basi na ale wanachokula. Siku kumi na mbili! Tulimpandisha kwenye mizani ya magunia, akawa amepungua ratili saba, naye akaandika kwenye kitabu kwa mkono wake mwenyewe kwamba ukosefu wa protini hudhoofisha pia moyo wa kufanya kazi. Siku ya kumi na tatu alipewa maharage, na amani ikarudi.

Nyuma ya kufuli, jaribio la tatu likasema kweli. Wakiwa na umri wa wiki kumi na nne, Banda la Kwanza walikuwa na wastani wa ratili nne na wakia kumi. Banda la Pili ratili nne na wakia tisa. Banda la Tatu ratili mbili na wakia kumi na moja, manyoya yamewasimama, macho yamepoa, na wawili walikufa. Kwa maneno mengine, kuwanyima ni kuwaua, lakini kuwashindilia nako ni kupoteza, maana dagaa yote ile ya ziada ilileta wakia moja tu. Mpe kwa kiasi, atakua. Ndivyo ilivyoandikwa katika vikaratasi vya mwaka 1952, na ndiyo maana leo ukipita Manzese au Kinondoni utaona sungura wenye mashavu. Jaribio lilipokwisha, Bwana Gozbert aliwafungulia Banda la Tatu yeye mwenyewe, akawawekea kunde bila kupima. Hiyo ni mara moja katika miaka ishirini na minane, na niliiona.

Cheo cha Mpima Mkuu alikipata mwaka 1955, baada ya Bwana Petifa kurudi kwao. Nyumba hakuipata kabisa. Ma Auleria akaongeza sufuria ya nne.

Wengi wetu tulidhani sasa atarudi Kamachumu kwenye ndizi zake. Kumbe ana kiwanja Goba, kule kwenye vilima, amekwisha panda migomba na kusimamisha kuta za udongo, na atafuga sungura thelathini. Paa alisema ataezeka makuti kwanza, mambo mengine baadaye. Shamba limeamua kumzawadia ile mizani ya shaba, kwa kuwa hakuna mwingine anayethubutu kuigusa.

Sasa neno langu.

Mwezi uliopita Bwana Gozbert alinituma nifungashe vitabu vyake vya uzito ili vikabidhiwe. Sikupekua, lakini kitabu cha Julai 1951 kilifunguka chenyewe mikononi mwangu, na pembeni mwa hesabu za Banda la Tatu nikakuta maandishi ya penseli, madogo, safi. Nayanakili kama yalivyo. “Jumanne wamezidi. Mwanaheri, majani ya kunde. Alhamisi wamezidi sana. Marselino, karanga, maganda yako kwenye nyasi. Jumamosi. Jamali mlinzi, anahamisha mashudu kutoka Banda la Kwanza. Jumapili baada ya kanisa. Memsabu, biskuti.” Chini yake kuna mstari, na chini ya mstari: “Wote ni huruma. Wakijulikana, Jamali na Mwanaheri watafukuzwa. Niombe kufuli. Niseme ni mimi.”

Karanga zile zilikuwa zangu, za kutoka kwetu Newala, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna aliyeniona. Nilianza kuwapa tangu jaribio la kwanza, na ile barua ya onyo niliipiga kwa vidole vilivyonuka karanga. Aliposimama mbele ya Bwana Petifa mara ya pili akasema mkono wake umemponyoka, ni mie niliyetafsiri, neno kwa neno, na nilijua kwamba kuna mkono wangu humo, nikanyamaza. Nilifikiri nanyamazia kosa langu. Kumbe nilikuwa namkabidhi Revelian nyumba ya bati ya Ma Auleria. Naona aibu, Bwana Gozbert, na ninaiandika hapa ili isomwe mbele ya watu.

Nikawaonyesha Mwanaheri na Jamali. Jamali alivua kofia. Mwanaheri alilia kwanza, kisha akatukana kidogo, akisema mtu huyu alipima maandazi yake miaka yote bila haya, iweje dhambi yake asiseme? Memsabu yuko Uingereza na mumewe, na kwa ajili ya amani ya ndoa ile habari za biskuti hatutazituma.

Sie watatu tuliobaki tumekuwa tukitoweka Jumapili nne zilizopita. Mwanaheri alisema anaenda kwa dada yake, Jamali alisema ana jino, mie nilisema nina kwaya, na kila anayenijua anajua siimbi. Tulikuwa Goba. Bwana Gozbert, Jumamosi ukihamia usishangae ukidhani umekosea njia. Nyumba ni yako. Paa ni la bati, limepigiliwa na mlinzi, karani na mkata majani, kwa hiyo misumari mingine imepinda, lakini haivuji. Mwanaheri alimwaga debe tatu za maji juu yake huku Jamali amekaa ndani.

Asante kwa miaka ishirini na minane, asante kwa sungura wa watu wote wa Temeke na Kinondoni, na asante kwa kufuli ile. Mungu awape wewe na Ma Auleria siku nyingi za afya, migomba izae, na vitoto vya sungura vishibe kwa kiasi. Ma Auleria, zile sufuria nne sasa ni za kupikia.

Vuli i karibu. Ikianza kunyesha, Bwana Gozbert, usitoke nje na mizani. Kaa ndani na mkeo, waitu, muisikilize inavyopiga bati.